Diski ya Nne: Saa Tatu ya Bi Tufaha

Juma lililopita niliwaacha nje ya ofisi ya Raed, mkono wangu u juu ya kitasa, nami nasikia jina langu likitamkwa ndani kama mtu anavyotaja ugonjwa.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, nitasema machache. Naitwa Mahfudh, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa isimu Nairobi, nikasomeshwa Kijapani miaka miwili Osaka, kisha tasnifu yangu ya uzamifu ikanishinda. Riziki ikanileta Dubai, kwenye kampuni ndogo katika Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege, inayotoa filamu za zamani katika diski za kutazamia nyumbani. Kazi yangu ni kuandika maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya picha.

Filamu yetu ya mwaka huu ni ya Kijapani, ya mauaji na upelelezi, nyeusi na nyeupe, yenye umri wa zaidi ya miaka sitini. Kwa Kiswahili tumeiita Kioo cha Kinyozi. Mafundi wa Tokyo waliisafisha picha moja baada ya nyingine, wakaondoa ukungu na mikwaruzo, hata leo unaweza kuhesabu matone ya mvua kwenye ukingo wa kofia ya mpelelezi. Walitupa sharti moja tu: kabla ya siku ya kutoka, isionwe na mtu wa nje.

Siku kumi na mbili kabla ya siku hiyo, filamu ilionekana mtandaoni. Nzima. Na Kiswahili changu chini yake.

Diski za majaribio zilikuwa tano, na hazikuruhusiwa kuvuka mlango. Ninyi mnajua, kwa kuwa nilikwisha kuungama kwenu, kwamba ya nne niliivusha. Raed alikuwa hajui. Ikithibitika kwamba filamu imevujia kwangu, visa yangu itafutwa na kesi itafunguliwa. Mke wangu Ikhlas, ambaye ukaazi wake umening'inia kwenye wangu, ana mimba ya miezi saba.

Nikafungua mlango.

"Kaa, Daktari," akasema Raed.

Raed ni Mjordani, mkuu wetu. Huniita Daktari kila anapokasirika, kwa kuwa anajua cheo hicho sikukipata.

Sikukaa. Mezani palikuwa na picha mbili zilizochapwa kutoka kamera ya lango. Ya kwanza inanionyesha nikitoka, Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, mkoba kwapani. Ya pili inanionyesha nikirudi saa tano kasorobo.

"Uliniambia Jumanne asubuhi ulikuwa chumba kidogo, unaikagua diski ya nne."

"Nilikuambia uongo, sir."

Hakushangaa. Kalamu iliyokuwa ikizunguka vidoleni mwake ikatulia.

"Diski ilikuwa wapi?"

"Mkobani. Niliipeleka Satwa kwa bibi mmoja wa Kizanzibari, Bi Tufaha. Marehemu mumewe alikuwa sajini wa polisi Unguja, kisha akawa askari hapa hapa Dubai. Nilitaka maneno yake. Filamu ina wezi, ina askari, ina watu wa rehani, na mimi Kiswahili changu ni cha maktaba. Chake kimetoka kituoni."

"Ulivunja mkataba kwa ajili ya maneno."

"Ndiyo, sir."

Pembeni, Severina aliinamisha uso. Severina ni mtu wa Moshi, na kazi yake ni kuhakikisha kila sentensi yangu inakaa juu ya picha kwa muda unaotosha kusomeka. Kabati la diski lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili anao yeye.

"Diski tano," Raed akasema. "Nne hazijatoka. Yako imetoka. Nipe sababu moja ya kutowaita polisi sasa hivi."

"Haikutoka mikononi mwangu. Teksi ilinishusha mlangoni kwa Bi Tufaha saa tatu asubuhi, tukatazama sehemu yake pamoja, nikaondoka nayo saa nne na robo. Nakuomba umuulize mwenyewe."

Msomaji, ile sentensi yangu ya kwanza, ya mikono, iweke kando. Nitairudia.

Raed akapiga simu, akaweka kipaza sauti. Bi Tufaha ameishi Dubai zaidi ya nusu karne, na Kiarabu chake ni cha hapa, chepesi kama cha jirani yeyote wa Satwa. Walisalimiana vizuri. Akaulizwa kama anamjua Mahfudh.

"Namjua. Mwanangu huyo. Ana adabu kuliko waliotoka tumboni mwangu."

"Alikuja kwako Jumanne?"

"Alikuja."

"Saa ngapi, mama?"

Hakusita hata kidogo. "As-saa thalatha."

Thalatha kwa Kiarabu ni tatu, nami nilihisi kosa kabla sijajua liko wapi.

"Una hakika?"

"Wallahi. Niliinua macho nikaitazama saa ya ukutani. Thalatha kamili, haikuzidi wala haikupungua."

Raed akamshukuru, akakata simu. Kisha akaniangalia kwa utulivu ulionitisha kuliko ghadhabu.

"Thalatha. Jumanne thalatha ya mchana ulikuwa kwenye kiti hicho, katika mkutano, unakula biskuti zangu. Ama bibi ni mwongo, ama ulimpanga na ukasahau kumfundisha saa."

"Sir, amefasiri. Kwa Kiswahili tunasema saa tatu. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa yenu ya saba ndiyo saa yetu ya kwanza. Yenu ya tisa ndiyo yetu ya tatu. Amelichukua neno la Kiswahili akalivika Kiarabu, bila kuigeuza hesabu."

"Saa ikiwa tisa, ninyi mnasema tatu."

"Ndiyo."

"Na ikiwa tatu?"

"Tunasema tisa."

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Daktari, nimefanya kazi na watu wa kila nchi, na kila mmoja ana hila yake. Hii yako ndiyo nzuri kuliko zote nilizopata kusikia. Basi ulimi wa bibi umeteleza. Lakini alisema aliitazama saa. Saa ya ukutani haina kabila."

"Hii ya kwake inalo, sir. Marehemu aliitega kwa hesabu ya Kiswahili, na tangu afe hakuna aliyethubutu kuigusa."

Nilijisikia nikisema maneno hayo, na wallahi, ningekuwa mimi ndiye Raed, nisingeyaamini. Ndiyo adhabu ya mtu aliyeanza kwa uongo, kwamba ukweli wake hukuta mlango umekwisha kufungwa.

Raed akanyoosha mkono kwenye simu. Safari hii hakuwa anampigia Bi Tufaha.

"Sir," Severina akasema.

Hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi.

"Ni kweli anachosema. Kwetu Tanzania ni hivyo hivyo. Mimi mama yangu nikimwambia ndege inatua saa tatu, anajua ni tisa ya kwenye tiketi. Na kama hunielewi, mpigie yule bibi kwa picha. Mwambie akuonyeshe saa yake sasa hivi. Kama Mwalimu huyu anadanganya, itaonekana. Saa haiwezi kupangwa kwa dakika moja."

Raed akafikiri. Akapiga.

Uso wa Bi Tufaha ukajaa kwenye kioo cha simu, karibu mno, mtandio mweupe na jicho moja.

"Nani tena huyu?" akauliza kwa Kiswahili. "Mbona uso umemkunjana kama leso isiyopigwa pasi?"

"Anasema nini?" Raed akaniuliza.

"Anakuombea heri, sir."

Severina alijikohoza.

Raed akaomba aonyeshwe saa ya ukutani. Tulisikia Bi Tufaha akiita, "Thuwein! Hebu njoo unigeuzie kidude hichi." Mkono wa mwanamume ukaja, picha ikayumba, zikapita pazia, televisheni, na picha ya sajini ndani ya fremu. Kisha saa ikatokea.

Mshale mfupi ulikuwa umeipita tano kidogo. Ule mrefu ulikuwa kwenye nne.

Raed akatazama mkono wake. Kwa saa yake ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini. Akatazama simu, akatazama mkono tena. Nikaona kitu kikimwingia usoni.

"Kinyozi," akasema polepole.

Lazima nieleze. Katika filamu yetu mtu ameuawa, na mshukiwa anaokolewa na kinyozi mmoja, mzee mwaminifu aliyekuwa na homa, ambaye anaapa kwamba mtu yule alikuwa kitini pake saa tisa mchana, saa ile ile ya mauaji. Mvua ilikuwa imetanda na dunia yote ni giza, hata asubuhi na alasiri hazitofautiani. Saa moja na dakika hamsini zinapita kabla mpelelezi hajakaa kwenye kile kiti na kugundua kwamba saa ya dukani iko nyuma ya mteja, na kinyozi aliisomea kwenye kioo. Saa tatu ikageuka saa tisa. Mzee hakusema uongo. Aliapa kwa alichokiona.

Raed ameitazama filamu ile mara arobaini. Anaipenda kama mtu anavyompenda mzazi.

"Kinyozi hakudanganya," akasema.

"Hapana, sir."

"Mama," akamwambia Bi Tufaha kwa Kiarabu, na sauti yake sasa ilikuwa na heshima, "swali la mwisho. Diski aliyokuja nayo, iliondoka mbele ya macho ya Mahfudh wakati wowote?"

"Haikuondoka. Wallahi al-adhim, haikuondoka. Alikaa nayo kama mzazi na mwanawe."

Nilikisikia kiapo kile. Nilijua si kweli. Nikanyamaza.

Jumanne ile, yapata saa tatu na nusu, pumu ilimbana Bi Tufaha na kichupa chake cha dawa kilikuwa kimekwisha. Nikateremka mbio hadi duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Palikuwa na foleni. Nilichukua dakika ishirini na tano, na diski ilibaki ndani ya mashine. Yeye aliapa kwa mapenzi, kwa kuwa ndiye niliyemkimbilia dawa. Mimi nilinyamaza kwa woga. Hatia hizi mbili hazilingani, na ninajua ipi ndiyo nzito.

"Khalas," Raed akasema. "Umevunja mkataba, na kwa hilo tutazungumza. Lakini si wewe uliyevujisha."

Sasa ndipo nikakaa.

"Basi ni nani?" akaendelea, na akakigeuza kiti chake taratibu upande wa pili. "Kabati lina funguo mbili."

Severina alinitazama mimi kwanza, si yeye.

"Wiki iliyopita umelifungua mara sita," Raed akamwambia.

"Ni kazi yangu, sir. Kila Mwalimu akibadilisha neno, mimi napima upya."

"Mara mbili wakati wa chakula, ofisi tupu."

"Nakula mezani kwangu. Chumba ninacholala tuko wanne, huko ndiko kwenye kelele. Hapa ndipo ninapopata utulivu."

"Nenda mapokezi ukangoje. Usiondoke jengoni."

"Sir, mimi ndiye niliyekuambia upige ile simu."

"Na nimekushukuru. Yalla."

Raed akanipa kijiti cha data. Ndani yake mlikuwa na nakala iliyovuja.

"Wewe ndiye mwenye lugha. Kuna kitu kinachotofautisha Kiswahili cha diski moja na nyingine?"

"Huenda, sir. Nilikuwa nikirekebisha."

"Basi itazame yote. Niandikie imetoka diski ipi, uwatumie Tokyo moja kwa moja, nakala kwangu. Wanaitaka kabla ya thalatha." Akanyoosha kidole. "Thalatha yangu, si yako."

Kwenye ujia Severina alikuwa akinisubiri, mkoba kifuani.

"Mwalimu."

"Ahsante, Severina. Umeniokoa."

"Ahsante sitaki. Andika haki. Wewe una mke, una Osaka, una watu wa kukuapia. Mimi nina jina tu, na jina lenyewe wameshaanza kulishika kwa vidole viwili."

"Nitaandika haki."

"Haya. Nimesikia."

Nikaingia chumba kidogo, nikafunga mlango, nikampigia Ikhlas.

"Umepona?" akauliza kabla sijasalimu.

"Nimepona."

"Alhamdulillahi. Mbona sauti yako haijapona, Mahfudh?"

"Nimechoka tu."

"Mtoto amecheza asubuhi nzima. Nimemwambia atulie, babake ana kesi. Hakusikia. Rudi mapema, hebu."

Nikasema nitarudi mapema. Nikaanza kutazama.

Hapa pana neno moja ambalo sikupata kuwaeleza. Kabla ya kwenda Satwa, nilimpigia Bi Tufaha Jumapili nikamuuliza: yule polisi asiyevaa sare, anayetembea na nguo za raia, Unguja mlimwitaje?

"Askari kanzu," akanijibu. "Wa sare ukimwona kwa mbali unakimbia. Askari kanzu ndiye mwenye kukutia mkononi, ushakaa naye barazani, ushampa kahawa, ushamwambia siri zako zote. Marehemu alikuwa askari kanzu miaka minane. Mimi mwenyewe aliniposa watu hawajui kazi yake."

Nililipenda neno lile kama kijana anavyopenda. Nilikuwa nimeandika "mpelelezi," neno la gazetini. Jumatatu nikachoma, yaani nikarekodi, diski ya nne upya, na katika dakika ya themanini na tisa, pale mtu wa kofia anapobisha kwa kinyozi na kujitambulisha, nikamwandikia: Mimi ni askari kanzu.

Jumatano Severina alipofika hapo alisimamisha picha.

"Mwalimu, huyu ana koti la mvua, ana tai, ana kofia. Kanzu yake iko wapi?"

"Ni neno la zamani. Maana yake si vazi."

"Najua maana yake. Bibi yangu angejua. Lakini atakayenunua diski atadhani Mjapani huyu ametoka kuswali msikitini hapa Deira."

Tulicheka. Kwa siku nzima kila aliponipita alininong'oneza, "Hajapata kanzu tu?" Alasiri nikashindwa, nikalirudisha "mpelelezi," na diski ya tano ikachomwa hivyo. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ya nne ikarudi kabatini na neno lake.

Sasa nilikaa peke yangu na nakala ya wizi. Dakika ya kumi, sawa. Dakika ya arobaini, sawa. Sentensi zangu zilipita moja moja, hazina hatia wala habari. Nilianza kuomba, na msinicheke, niliomba kwa ajili ya neno. Niliomba liwe mpelelezi.

Dakika ya themanini na tisa, mvua. Mlango wa kioo. Mtu wa kofia anabisha. Kinyozi anauliza ni nani.

Mimi ni askari kanzu.

Nilirudisha nyuma, nikatazama tena. Nilirudisha mara tatu, kana kwamba kwa kutazamwa sana lingeona haya na kuondoka.

Nikampigia Bi Tufaha.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuwacha?"

"Wameniacha. Bi Tufaha, Jumanne nilipoteremka kukununulia dawa, nani alikuwa sebuleni?"

"Miye na Thuwein tu. Wa nje hakuingia."

Thuwein ni mjukuu wake, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani. Ndiye anayempeleka hospitali, ndiye anayempikia siku za pumu.

"Aliigusa ile diski?"

"Aliigusa, ehe. Miye n'limwambia. Macho yangu haya hayamalizi mara moja, na weye ulikuwa unatazama saa utake kwenda zako. N'kamwambia, baba, hebu nifanyie nakala niwe naitazama kidogo kidogo. Akaleta ile kompyuta yake. Hakuikwaruza, n'na hakika."

Nikaegemeza paji la uso mezani.

"Kwani vibaya?" akauliza.

"Hiyo nakala, Bi Tufaha, mmempa mtu?"

"Mtu nani! Jamaa tu. Thuwein aliwatilia kwenye lile kundi la ukoo, Maskati na Unguja, wamtazame mwenzake babu. Wamefurahi! Shangazi yake wa Maskati kalia. Kasema, toka babake afe hajalisikia neno askari kanzu, leo analisoma kwa Mjapani." Akacheka, kisha kicheko kikafupika. "Mahfudh. Yule Mwarabu alikuwa akiniuliza khabari hiyo?"

"Ndiyo."

"Na miye n'mekula yamini."

"Ndiyo, Bi Tufaha."

Nilimsikia akivuta pumzi, ile pumzi yenye filimbi ndani.

"N'liapa juu ya macho yako weye, kuwa haikuondoka," akasema. "Sikuapa kuwa haikunakiliwa. Hilo sikuulizwa. Lakini Mungu si Mwarabu wa ofisini, sivyo? Thuwein watamfunga?"

Nikalitazama neno lile kwenye kioo cha kompyuta.

"Usiniambie," akasema. "Hebu fanya unaloliona jema. Weye ndiye msomi."

Akakata.

Kwa saa yangu ilibaki robo kufika saa tisa. Nikaufungua ukurasa wa ripoti. Nimeandika makala za kitaaluma, nimepimwa na maprofesa wakali, na kamwe sijapata kuwa na jambo jepesi zaidi la kuthibitisha. Neno moja, dakika moja, diski moja. Sentensi mbili zingetosha, na Severina angesimama akachukua mkoba wake akarudi mezani.

Na Bi Tufaha angekuwa shahidi wa uongo. Thuwein angeingia gerezani kwa kumtendea bibi yake wema. Nami ningekuwa mtu aliyesikia kiapo na kukiacha kipite, na Ikhlas angejifungulia kwenye safari ya kurudishwa.

Nikaandika sentensi ya kweli. Nikaitazama. Nikaifuta herufi moja moja, kuanzia mwisho.

Mahali pake nikaandika hii, na ninainukuu kama nilivyoiandika, kwa kuwa nimeahidi kutowaficha: "Baada ya kulinganisha, maneno ya Kiswahili ya nakala iliyovuja hayatofautiani na ya diski zote tano, hivyo lugha haiwezi kusaidia kubaini chanzo."

Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa na mikato mahali pake.

Sikumtaja Severina. Nilijiambia kwamba kutomtaja si kumshtaki. Nilijiambia nitamtetea kesho, kwa njia nyingine, nikitulia. Mtu akizama hushika hata povu.

Dakika nne kabla ya thalatha ya Raed, nikabonyeza. Barua ikaondoka, Tokyo na kwa Raed.

Mlango ukabishwa taratibu, mara mbili.

Severina aliingia bila mkoba. Simu yake ilikuwa mkononi, imelazwa, kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Kule mapokezi alikuwa amekaa karibu saa nne bila kazi, na filamu ilikuwa mtandaoni kwa kila mwenye kidole. Yeye ndiye aliyepima sentensi zangu zote. Alijua aende dakika ya ngapi.

"Umeshatuma, Mwalimu?"

"Nimetuma."

"Umeandika haki?"

Akaiweka simu mezani mbele yangu. Picha ilikuwa imesimamishwa: mvua, mlango wa kioo, mtu wa kofia, na chini yake maneno yangu manne.

"Nimeiona kanzu," akasema.

Nyuma yake, kwenye ujia, nikasikia viatu vya Raed vikija.